Kilo saba za kuingia nazo ndani ya ndege

SWALI: Ndugu Mhariri, mwezi ujao ninasafiri kwa ndege kutoka Dar es Salaam hadi Kigali kuhudhuria mafunzo ya siku tano. Tiketi niliyokatiwa na mwajiri inaruhusu begi la mkononi la kilo 7 tu, na ninalo sanduku dogo la magurudumu. Nipange vipi vitu vyangu ili vitoshe na bado nionekane nadhifu? – Dada wa Tanga

JIBU: Dada yetu, kabla ya kufikiria nguo, lipime sanduku hilo likiwa tupu. Masanduku mengi ya magurudumu, hata yale madogo, yana uzito wa kilo 2 hadi 3, kwa hiyo theluthi moja hivi ya kiwango chako, au zaidi, huisha kabla hujatia hata kitambaa cha kichwa. Azima begi la mgongoni la kitambaa, lisilofika kilo moja. Hakuna hatua nyingine itakayokupa nafasi kubwa kama hiyo.

Kinachofuata kwa uzito ni viatu. Vaa vile vizito safarini, ubebe ndala tu. Sweta pia livae au lishike mkononi, wala usiliache nyumbani, kwani Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na jioni zake ni za baridi kwa mtu wa pwani. Sketi mbili za rangi iliyokoza na blauzi tatu zinazokubaliana nazo zinatosha kabisa, mradi ufue moja usiku. Taulo liache, kipande kimoja cha kanga kitakufuta maji, utajifunga chumbani, na asubuhi kitakuwa kimekauka.

Mafuta ya nazi, losheni, dawa ya meno, hata asali ya zawadi, vyote huhesabiwa kuwa vimiminika. Tangu mwaka 2006 viwanja vingi vya ndege vimeweka kikomo cha mililita 100 kwa kila chombo, na kinachotazamwa ni ukubwa wa chombo chenyewe, hivyo chupa ya mililita 200 iliyobaki robo inaweza kukataliwa. Vitie katika kipochi kigumu kinachoonyesha ndani, chenye zipu. Viatu usivifunge kwa mfuko wa plastiki, kwa kuwa Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, nasi Tanzania tukafuata tarehe 1 Juni 2019. Tumia mfuko wa kitambaa.

Pawabenki ni lazima iwe nawe ndani ya ndege, kwa sababu betri za aina hiyo zinaweza kushika moto, na moto huo ni vigumu kuuwahi ukianzia kwenye shehena. Kwa hiyo, ikiwa nafasi ya juu ya viti imejaa na mhudumu akaliomba begi lako mlangoni likawekwe chini, itoe kwanza pawabenki hiyo, pamoja na dawa zako na pasipoti.