Anza na wavuta mashua wa Repin

Ndugu, umeuliza Ilya Repin alikuwa nani na uanze na picha ipi. Alikuwa mchoraji wa Urusi, alizaliwa 1844 Chuguev, karibu na Kharkiv, mji ambao leo uko Ukraine. Alianza kwa kuchora picha takatifu za makanisani, kisha mwaka 1864 akaingia Chuo cha Sanaa cha St. Petersburg.

Anza na ile ya wavuta mashua wa mto Volga (1870–1873). Wanaume 11 wamefungwa mikanda kifuani, wanaikokota mashua kama punda. Tazama nyuso zao moja moja, usiharakishe. Yule wa mbele alichorwa kutokana na Kanin, kasisi aliyevuliwa upadri, na Repin alimheshimu mno. Hakuwachora ili tuwaonee huruma tu. Kila mmoja ana akili yake na hasira yake.

Ile ya mfalme Ivan wa Urusi akimkumbatia mwanawe ambaye yeye mwenyewe alimpiga (1885) inatisha hasa. Ilikatwa kwa kisu mwaka 1913, ikashambuliwa tena 2018. Uzeeni mkono wa kulia ulimsumbua Repin, akajifunza kuchora kwa wa kushoto. Alifariki 1930 huko Kuokkala, wakati huo ikiwa Finland.