Maswali na Majibu: Paa wa Sultani na Waya Uliokwama

Barua za safari hii zimekuja makundi mawili, wanaouliza habari za hadithi na wanaouliza habari za mitambo. Nilitaka kuzitenga, lakini ya kwanza kabisa ilikuwa imeshazichanganya yenyewe, basi nimeziacha hivyo.

Assalaam aleikum. Nina watoto wawili chuo kikuu. Wa kiume ni mhandisi, anatafiti namna ya kupima chipu za kompyuta. Nikiulizwa habari zake najibu kwa sauti. Dadake anafanya uzamili, na tasnifu yake ni hadithi za watoto zilizosimuliwa upya. Nikiulizwa habari zake nageuza mazungumzo. Hiyo kweli ni kazi ya mtu mzima? — Mama wawili, Majengo

Waaleikum salaam, mama. Nianze na mfano mmoja ili siku nyingine usigeuze mazungumzo.

Ndugu wawili wa Ujerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walichapisha mkusanyiko wao wa hadithi mwaka 1812. Humo mna yule binti mweupe kama theluji ambaye malkia anataka auawe kwa wivu wa uzuri. Leo kila mtu atakwambia malkia yule ni mama wa kambo. Katika chapa ya 1812 alikuwa mama mzazi. Chapa ya 1819 ndiyo iliyomgeuza kuwa wa kambo. Wale watoto waliotelekezwa msituni, Hansel na Gretel, nao waliachwa huko kwa shauri la mama yao wa kuwazaa, mpaka chapa ya 1840 ilipomtia mama wa kambo mahali pake. Ndugu wale waliendelea kurekebisha hadi chapa ya saba, mwaka 1857.

Kwa hiyo kuna mtu aliyeketi mezani na kalamu akaamua kwamba mama mzazi hawezi kufanya ukatili, ila mke wa pili anaweza. Ni uamuzi huo uliosambaa dunia nzima. Hebu fikiria wanawake wangapi wameingia kwenye nyumba zenye watoto wakiwa wamekwisha kuhukumiwa kabla hawajapika hata chai. Binti yako kazi yake ndiyo hiyo: analaza masimulizi mawili ubavu kwa ubavu, anatafuta kilichobadilishwa, halafu anauliza nani alibadilisha, lini, na kwa ajili ya wasikilizaji gani. Inataka jicho kali na subira, na mara nyingi inataka lugha mbili tatu za ziada.

Kama wasiwasi wako ni ajira, hapo sikupingi. Nafasi za mtafiti wa hadithi ni chache kuliko za mhandisi. Lakini hilo ni suala la mshahara, na wewe uliniuliza kama ni kazi ya mtu mzima.

Mwalimu, mwenzangu shuleni anashikilia kwamba hadithi yetu ya Sultani Darai imeibwa kutoka kwa Wazungu, eti ni yule paka mwenye viatu aliyegeuzwa paa. Tulikaribia kukosana. Nani ana haki? — Mwalimu wa darasa la sita, Likoni

Mwambie mwenzako atulie kwanza, kisha mtizame tarehe.

Sultani Darai ilichapishwa London mwaka 1870 na Edward Steere, mmishonari aliyeandika hadithi kutoka kwa wasimulizi wa Unguja na kuziweka kwa Kiswahili na Kiingereza. Maskini anachakura jaani, anaokota kijifedha, ananunua paa. Paa anapata almasi, anaipeleka kwa sultani akisema imetoka kwa bwana wake, anamposea binti, na baadaye anamuua joka la vichwa saba na kumpatia bwana wake jumba. Paka wa Kifaransa aliandikwa na Charles Perrault mwaka 1697, naye vilevile humtajirisha maskini kwa ulimi wake. Kwa tarehe za vitabu, Mfaransa ametangulia. Lakini kitabu kinaonyesha ni lini mtu aliandika. Ilianza kusimuliwa lini, hakiwezi kukuonyesha.

Sasa tizama mwisho, maana ndipo penye utamu. Paka wa Perrault anamalizia maisha yake kama bwana mkubwa, akifukuza panya kwa kujifurahisha tu. Paa wetu anaugua, na bwana wake, aliyekuwa akila makombo ya jaani, anaagiza apikiwe chakula cha kudharauliwa. Paa anakufa, anatupwa kisimani, na siku moja bwana anaamka na kujikuta yuko jaani vilevile, anachakura. Perrault hana hayo hata kidogo. Anayekaribia ni Giambattista Basile wa Napoli, ambaye kitabu chake kilitoka kuanzia 1634, baada ya kifo chake. Kwake paka anajifanya amekufa ili ampime bwana wake, na bwana anasema mshikeni mguu mmtupe nje kwa dirisha. Paka anainuka, anamtukana, anakwenda zake.

Maana yake, hadithi yetu inafanana zaidi na ya Napoli kuliko na ile ya Paris ambayo mwenzako anadhani ndiyo asili. Napoli ni mji wa bandari kama wetu, na mabaharia wamekuwa wakibebeshana hadithi tangu kale. Wataalamu wameiweka katika fahirisi ya aina za ngano iliyoanzishwa na Mfini Antti Aarne mwaka 1910, ikapanuliwa na Stith Thompson wa Marekani, na kupangwa upya na Mjerumani Hans-Jörg Uther mwaka 2004. Namba ya mnyama msaidizi wa namna hii ni 545. Fahirisi hiyo inawaweka pamoja wanaofanana, bila kumhukumu yeyote kwa wizi.

Mkitaka hadithi ambayo njia yake inafuatika vizuri zaidi, chukueni ya kima na papa, iliyomo katika kitabu hicho hicho cha Steere. Kima yuko juu ya mkuyu, papa anambeba kumpeleka kwao, katikati ya bahari anamwambia sultani anaumwa na dawa ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba moyo ameuacha mtini. Uhindi wanayo tangu zamani sana, na huko mhaini ni mamba. Katika Kalila wa Dimna, kitabu ambacho Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu karne ya 8, ni kobe, na kima yuko juu ya mtini akidondosha tini majini. Na ndani yake mna hadithi nyingine ya punda wa dobi anayerubuniwa mara mbili apelekwe kwa simba. Steere naye anayo hiyo, ndani ya kima na papa vilevile, na punda ni wa dobi vilevile! Ila kwa Waarabu anayemrubuni ni mbweha, na kwetu ni sungura. Angekuwa nani mwingine?

Basi hadithi hiyo ya kima imekuja na upepo wa kaskazi, na sioni aibu yoyote. Msimulizi wa pwani aliipokea, akamtoa kobe akamtia papa, kwa sababu alijua wasikilizaji wake wanaogopa nini baharini.

Mimi ni fundi simu hapa Mwembe Tayari. Kila siku nabadilisha chipu, nyingine zikifika ni mbovu tangu zinatoka kwenye pakiti. Kiwandani hawazijaribu? — Fundi

Wanazijaribu, tena mara mbili: kwanza zikiwa bado zimeshikana kwenye sahani ya silikoni kabla ya kukatwa, na tena zikishafungwa ndani ya gamba lake. Pakiti unazouziwa wewe zimepitia wapi baada ya hapo, huenda wakujua zaidi yangu.

Ugumu wenyewe ni huu. Chukua kipande kidogo tu cha chipu, kile cha kujumlisha namba mbili za biti 64, yaani kila namba imeandikwa kwa tarakimu 64 za sifuri au moja. Kina njia 128 za kuingiza data, na kila moja ni sifuri au moja. Ukitaka kujaribu kila mchanganyiko, idadi yake ni 34 ikifuatwa na sifuri 37. Hata ukijaribu michanganyiko bilioni moja kwa sekunde, itakuchukua miaka 10 yenye sifuri 21 nyuma yake, na ulimwengu wote una umri wa miaka kama bilioni 13.8. Hiyo ni jumlisha peke yake.

Watafiti wakaacha kuuliza "je, kila hesabu ni sawa?" wakauliza swali dogo: "je, kuna waya uliokwama?" Yaani wanachukulia kwamba hitilafu ni waya mmoja ulioganda kwenye sifuri, au kwenye moja, na haubadiliki tena. Kisha kwa kila waya wanatafuta data ya kuingiza ambayo itafanya ubovu huo ujitokeze nje. Mwaka 1966 J. Paul Roth wa IBM alichapisha kanuni ya kuipata data hiyo kwa utaratibu badala ya kubahatisha. Matokeo yake yanashangaza. Jumlisha ya aina rahisi, ile inayopokezana hesabu ya kubeba kutoka biti hadi biti, inaweza kupimwa kwa majaribio 8 tu, iwe na biti 8 au 64.

Tatizo la pili ni kwamba waya uko ndani na wewe uko nje. Miaka ya 1970 ukaenea ufundi wa kuziunganisha seli zote za kumbukumbu ndani ya chipu, wakati wa kupima tu, ziwe kama shanga katika uzi mmoja wa tasbihi. Unasukuma data upande huu, unaisoma ikitokea upande ule. Na lile sanduku la JTAG mnalofufulia simu zilizokufa limetoka katika ukoo huu. JTAG yenyewe ni kiwango cha mwaka 1990 kilichobuniwa ili viwanda vipime maungio ya chipu kwenye bodi bila kuzigusa kwa sindano. Mafundi mkakigeuza mlango wa nyuma wa kuingizia programu. Waliokitunga sidhani walikuwa wakiwafikiria nyinyi, lakini imewafaa.

Kwa hivyo chipu iliyofaulu majaribio haikosei? — Kijana wa Kisauni

Hukosea. Mwaka 1994 Thomas Nicely, mwalimu wa hesabu katika chuo kimoja cha Virginia, aligundua kwamba chipu ya Pentium ya Intel inakosea baadhi ya hesabu za kugawanya. Gawa 4195835 kwa 3145727: jibu ni 1.33382, yenyewe ilitoa 1.33373. Jedwali lililochorwa ndani ya chipu lilikuwa na nafasi 5 zilizoachwa tupu. Nyaya zote zilikuwa nzima, kwa hiyo jaribio la waya uliokwama lisingeona kitu. Kosa lilikuwa kwenye mchoro wenyewe. Intel ilitenga dola milioni 475 kulimaliza jambo hilo.

La karibuni linanitisha zaidi. Mwaka 2021 watafiti wa Facebook walieleza chipu moja katika vituo vyao vya data ambayo, ikiulizwa 1.1 kwa kipeo cha 53, ilijibu sifuri badala ya 156. Hesabu nyingine ilizipata vizuri. Hesabu ile ilikuwa ya kupima ukubwa wa faili, na faili la ukubwa sifuri halihitaji kuandikwa, basi mafaili yakawa yanapotea bila kengele yoyote kulia. Watafiti wa Google nao waliripoti mambo ya aina hiyo mwaka huo huo.

Msimamizi wangu amekataa mada yangu mara ya pili. Ni "Nafasi ya ngano katika jamii ya Waswahili." Anasema ni pana. Pana vipi? — Mwanafunzi, Tudor

Pana kama bahari, mwanangu. Ngano zipi? Waswahili wa Lamu, wa Mvita, wa Vanga? Wa mwaka gani? Umesoma nilivyomjibu fundi hapo juu? Watafiti wa chipu waliacha swali kubwa wakauliza dogo. Nawe fanya hivyo. Chagua hadithi moja, wasimulizi wachache, badiliko moja. Kwa mfano: mama wa kambo katika ngano zilizoandikwa na Steere, na katika vitabu vya watoto vinavyouzwa leo hapa mjini. Hiyo inamalizika, na msimamizi wako ataisoma hadi mwisho.

Nataka kumrekodi nyanya yangu akisimulia. Lazima nipate kibali? — Bint Bakari, Old Town

Kwa kumbukumbu ya nyumbani, mwombe ruhusa yeye mwenyewe, inatosha. Ukiifanya utafiti wa chuo, sheria ya Kenya ya mwaka 2013 inakutaka uwe na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na chuo chako kitataka kuona umelindaje haki zake. Kwa vyovyote rekodi kwanza hadithi nzima bila kumkatiza, maswali yaje baadaye. Na utakapochapisha taja jina lake, kama ameridhia. Steere alitaja baadhi ya wasimulizi wake, na wengi waliomfuata hawakufanya hivyo.

Tasnifu hizi nani huzisoma? — Mkweli, Changamwe

Msimamizi, watahini, na mwanafunzi wa mwaka unaofuata anayetafuta pa kunakili. Ndiyo maana nimemsihi yule wa Tudor aandike kitu chembamba.

Nasomea kompyuta lakini napenda hadithi kuliko kompyuta. Lazima nichague? — Mwanafunzi, Bamburi

Hapana. Mwaka 2013 Jamshid Tehrani, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, alichukua masimulizi 58 ya kile kisa cha msichana wa kofia nyekundu na jamaa zake kutoka pembe mbalimbali za dunia. Akaorodhesha sifa zake: mhanga ni mtoto mmoja au ndugu kadhaa, mnyama ni mbwamwitu au chui au zimwi, anajigeuza vipi, nani anaokoka. Kisha akazitia katika programu ambazo wanabiolojia huzitumia kuchora ukoo wa viumbe. Masimulizi ya Afrika yakaangukia upande wa kisa kingine, cha mbwamwitu na watoto wa mbuzi, wale ambao mama yao ametoka na mnyama anaigiza sauti yake mlangoni.

Kima na papa sijaiona ikifanyiwa hivyo kwa matoleo ya pwani yetu. Pita kwanza RISSEA, taasisi ya utafiti wa mambo ya Waswahili iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa hapa hapa Mombasa, uulize wana rekodi gani. Halafu fungua jedwali. Safu ya kwanza, mhaini: mamba, kobe, papa. Ya pili, mti. Ya tatu, kama punda wa dobi yumo au hayumo. Ukifika matoleo ishirini niandikie tena, na umtafute yule Bint Bakari, maana nyanya yake huenda ana la ishirini na moja.