Maswali na Majibu: Kuvuka Thames Kwenda Bustani ya Battersea

Kabla ya madaraja, watu wa Chelsea, London, walivukaje mto Thames kwenda Battersea, ng'ambo ya pili?

Kwa kivuko. Mwaka 1771 likafunguliwa daraja la mbao la Battersea, kazi ya Henry Holland, likachukua nafasi ya kivuko hicho. Lilikuwa jembamba, lenye mapito 19 ya maji kati ya nguzo zake, na vyombo viligonga nguzo hizo mara kwa mara. Mchoraji Whistler alilipenda na kulichora, lakini manahodha hawakuwa na sababu ya kulipenda. Lilibomolewa, na daraja la sasa, la mhandisi Joseph Bazalgette, likafunguliwa mwaka 1890.

Nimesoma kuwa bustani ilifunguliwa kwa ajili ya watu wa kawaida, lakini daraja la kuifikia lilitozwa ushuru. Kweli?

Kweli, na hapa mimi sina msimamo wa kati. Battersea Fields, mahali ilipo bustani sasa, palikuwa mabwawa na mashamba. Mwaka 1829 Duke wa Wellington, akiwa Waziri Mkuu, alipigana huko kwa bastola na Earl wa Winchilsea, hakuna aliyeumia. Ardhi hiyo iliinuliwa kwa udongo uliochimbwa kwenye gati za Royal Victoria, na mwaka 1858 bustani ikafunguliwa. Mwaka huohuo Thomas Page alikamilisha daraja la kuning'inia la kuwavusha watu wa Chelsea, ambalo baadaye liliitwa Chelsea Bridge.

Sasa mfikirie fundi mwenye mke na watoto watano: geti la bustani liko wazi, lakini kwenye daraja kuna mtu anayedai senti kwa kila kichwa. Bustani ya umma iliyozungukwa na ushuru ni ya umma kwa jina tu. Ndiyo maana naihesabu tarehe 24 Mei 1879 kuwa siku ya pili ya ufunguzi wa bustani ile: siku hiyo madaraja ya Chelsea, Albert (lililo kati ya hayo mengine mawili) na Battersea yaliachiwa huru kwa pamoja, baada ya Metropolitan Board of Works, bodi ya kazi za umma ya London, kuyanunua.

Kwa nini kibao cha Albert Bridge kinawaamuru wanajeshi wasitembee kwa gwaride?

Hatua zikipigwa kwa mdundo mmoja na mdundo huo ukalingana na mtikisiko wa daraja lenyewe, mtikisiko huongezeka kila hatua. Mwaka 1850 daraja la Angers, Ufaransa, lilianguka likiwa na askari juu yake, zaidi ya 200 wakafa. Albert Bridge, la mwaka 1873, hutikisika kiasi kwamba liliitwa "Bibi Anayetetemeka". Bazalgette aliliimarisha, na mwaka 1973 likawekewa nguzo mbili za zege katikati. Vibanda vya watoza ushuru bado vimesimama, ingawa hakuna anayetozwa. Nilifurahi sana kujua hilo.

Na reli?

Daraja la reli upande wa mashariki wa bustani lilifunguliwa mwaka 1860. Lilikuwa la kwanza la treni kuvuka Thames katikati ya London.

Je, kuna ushahidi kwamba watu walifika kwenye sehemu hii ya mto zamani zaidi?

Upo. Mwaka 1857, wachimbaji wa daraja la Page walitoa mtoni ngao ya shaba iliyopambwa kwa vioo vyekundu, ya enzi za kabla ya Waroma kuitawala Uingereza. Sasa iko British Museum, na huitwa Ngao ya Battersea.