Kabla Hamjamhoji Mzee: Ushauri kwa Wanaotafiti Uzee Tanga

Uzee ni mali ya fani nyingi, na hapo ndipo ugumu wa kuutafiti unapoanzia. Daktari huuona kwenye mishipa ya damu, mtaalamu wa viungo kwenye magoti, mchumi kwenye kipato kilichokoma, na mwanahistoria kwenye kazi ambayo mwili huo ulifanyishwa ujanani. Nimesimamia ukusanyaji wa data katika timu za vyuo vikuu zilizochanganya fani hizo, mjini Tanga na kwenye mashamba ya mkonge, na ushauri wangu kwa vijana wanaoingia kwenye kazi hii ni mmoja: watafiti wa fani zote wakae mbele ya mzee mmoja, siku moja, kabla dodoso halijachapishwa. Ilivyozoeleka ni kwamba kila fani huandika maswali yake ofisini, maswali hayo yakaunganishwa, kisha mdodosaji akatumwa nayo mtaani peke yake.

Tuchukue suala la umri. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye miaka 60 na kuendelea, na utafiti mzima husimama juu ya tarakimu hiyo, ilhali wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa na tarehe iliyo kwenye kitambulisho huenda ni ya kukadiria. Tengenezeni kalenda ya matukio mkiwa pamoja na mwanahistoria: kumalizika kwa Vita Kuu ya Pili mwaka 1945, kuanzishwa kwa TANU mwaka 1954, Uhuru mwaka 1961, kutaifishwa kwa mashamba mengi ya mkonge mwaka 1967. Badala ya kumuuliza bibi alizaliwa lini, mwulizeni kama Uhuru ulipopatikana alikuwa ameshaolewa, ameshavunja ungo, au bado akicheza na watoto wenzake. (Swali la kuvunja ungo liulizwe na mdodosaji wa kike, wala si mbele ya wakwe.) Jibu lake litakuwa na uzito kuliko tarehe ya kitambulisho, na daktari atakayelinganisha shinikizo la damu kwa rika atakuwa na rika la kweli.

Jambo linaloniuma zaidi ni swali la elimu. Wataalamu wa ubongo hulihitaji kwa sababu elimu inahusiana na jinsi akili inavyostahimili uzee, na pia huathiri alama za vipimo vya kumbukumbu. Dodoso huuliza miaka ya shule tu. Basi bibi wa Tongoni ambaye hakukanyaga darasa la serikali, lakini alihitimu Kurani katika chuo cha mtaani kwao na hadi leo anasoma hati za Kiarabu bila kusita, huandikwa kuwa hana elimu, akawekwa fungu moja na mtu asiyewahi kushika kitabu. Hayo ni makosa ya kisayansi, tena ni kumvunjia heshima. Ongezeni swali la chuo cha Kurani: alisoma kwa muda gani, alifika wapi, anasoma nini sasa.

Kuhusu kipimo chenyewe cha kumbukumbu, hatulazimiki kuanza upya. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti waliochunguza wakazi wenye miaka 70 na zaidi walikadiria kuwa asilimia 6.4 walikuwa na dimenshia, yaani maradhi ya kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, na kazi hiyo ya Hai ikazaa kipimo kiitwacho IDEA, ambacho hakimtaki mzee kushika kalamu. Miongoni mwa mengine, mzee huombwa kupanga vijiti vya kiberiti kwa kufuata umbo aliloonyeshwa, na kutaja wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja. Kwa wazee wetu ni bora kuliko kuwataka wachore saa, kama vipimo vingine vya kumbukumbu vinavyotaka.

Vipimo vya mwili navyo visidharauliwe na watu wa sayansi ya jamii. Utafiti wa nchi 17 uliochapishwa mwaka 2015, uliohusisha watu karibu 140,000, ulionyesha kuwa kila upungufu wa kilo 5 katika nguvu ya kubana mkono ulikwenda pamoja na ongezeko la asilimia 16 la hatari ya kufa katika kipindi cha ufuatiliaji. Mwendo wa kutembea nao hubashiri mengi, na nyumba ya Kiswahili inatusaidia kuupima, kwa kuwa ukumbi wake umenyooka kutoka mlango wa mbele hadi uani na mara nyingi mita nne hupatikana bila mzee kugeuka. Bibi mmoja wa Ngamiani alitembea ukumbini mwake vizuri, na mtaalamu wa viungo akajaza kuwa hana tatizo. Mwenzetu wa sosholojia, aliyekuwa ameketi hapo hapo mkekani, akamwuliza, “Bibi, mara ya mwisho ulikwenda msibani lini?” Akajibu, “Mwanangu, hizo ngazi za barazani zimenifunga. Watu wanakuja kwangu, mimi siendi.” Ngazi zilikuwa ndefu na hazina pa kushikia. Mwanamke wa pwani asiyeweza kwenda msibani wala harusini amekatwa na watu wake, na upweke huo unadhuru afya. Kama wataalamu hao wawili wangefika siku tofauti, fomu moja ingesema mzima, nyingine ingesema mpweke, na sababu isingeonekana.

Kwenye mashamba ya mkonge mwanahistoria ni wa lazima. Uzalishaji wa mkonge nchini ulifikia takribani tani 230,000 mwaka 1964, kisha ukaporomoka kwa miongo. Wapo wazee walioletwa kama manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka Kigoma, Njombe na hata Msumbiji, ambao kazi iliisha wakabaki hapo, mbali na ndugu. Ukimwuliza mzee wa namna hiyo “nani anakutunza?” bila kujua alifikaje pale, utaandika jina la jirani na hutaelewa kwa nini ni jirani.

Vibali vya NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na barua za mkoa, wilaya, kata na mtaa vitafutwe mapema. Mwezi wa Ramadhani vipimo vya kutembea visubiri.

Linalobaki ni fedha. Ukimpima babu ukakuta shinikizo la damu liko juu sana, huwezi kuandika tarakimu na kuaga. Anahitaji barua ya rufaa, nauli ya kumfikisha Hospitali ya Bombo, na afisa ustawi wa jamii anayejua utaratibu wa msamaha wa matibabu kwa wazee wasiojiweza. Gharama hizo, pamoja na za kurudisha matokeo kwenye mkutano wa mtaa, ziandikwe kwenye bajeti tangu rasimu ya kwanza ya andiko la mradi, maana wafadhili hawaongezi fungu jipya katikati ya kazi.