Jibu: Kwa nini tangazo langu linaonekana limejaa?

Mkuu, umesema tangazo lako la duka la simu linaonekana limejaa hata baada ya kubadilisha rangi mara tatu. Rangi siyo shida. Jina la duka, bei, ofa, namba ya simu, vyote umevipa saizi moja na vyote herufi nzito. Jicho halijui lianzie wapi.

Chukua kanga, itandaze mezani. Pindo limezunguka pande zote nne, katikati kuna mji, yaani mchoro mkuu, na jina, ule msemo wa kanga, limepewa kisanduku chake, mstari mmoja tu. Hakuna kinachogombania nafasi ya mwenzake.

Sasa amua mtu asome nini kwanza. Tuseme "Tunabadilisha kioo kwa saa moja". Hiyo ifanye kubwa hata mara tatu ya maandishi mengine, maana tofauti ndogo huonekana kama umekosea. Namba na mahali duka lilipo viweke karibu karibu. Panapobaki, paache patupu. Najua mwenye duka atakwambia "hapo ongeza picha". Mkatalie kwa upole.

Fonti mbili zinatosha. Njano juu ya nyeupe usiguse kabisa. Niliwahi kuchapa vipeperushi 500 hivyo, vikaishia kufungia vitumbua.

Ukipeleka kuchapa, picha ziwe dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi), rangi ziwe CMYK, yaani za wino wa kuchapa, siyo RGB za kwenye skrini, na uongeze milimita 3 kila upande za kukatwa. Weka tangazo jipya hapa tulione.