Moshi bila moto: maswali ya "ingekuwaje" yalivyofufua kundi letu la Kijapani

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mwanza aliniandikia hivi: "Shikamoo dada. Kundi letu la Kijapani tuko thelathini na nane lakini ni kama makaburini. Naweka kanji kila asubuhi, hakuna anayejibu. Nyie huko Dar mnafanyaje?"

Nilicheka, halafu kicheko kikaniishia. Ukitoa Mwanza ukaweka Dar, ujumbe huo ni wangu wa mwaka 2022. Hata kanji za asubuhi, zile herufi za Kijapani zenye asili ya Kichina, nilikuwa naweka. Saa kumi na mbili na nusu, sijapiga hata mswaki, kanji moja, matamshi yake, mfano mmoja. Napata dole gumba mbili. Siku ya sikukuu, tatu.

Mdogo wangu, nikujibu hapa ili na wengine wasome.

Kwanza nikiri aibu yangu. Nilifanya N4, daraja la pili kutoka chini la mtihani wa Kijapani uitwao JLPT, kule Nairobi, nikarudi na basi la Namanga, na matokeo yalipotoka nina alama 118 kati ya 180, na za kupita ni 90, kichwa kikavimba. JLPT, kwa wasioujua, hauna sehemu ya kuongea hata kidogo. Unachagua jibu, unasiliba kiduara, unakwenda nyumbani. Mwezi uliofuata mgeni mmoja wa Kijapani, mama wa makamo mpole kabisa, akaniuliza: Moshi Nihon ni ittara, doko e ikitai desu ka? Ukienda Japani ungependa kufika wapi? Kila neno nililijua. Nikamjibu, "Hai." Ndiyo. Akasubiri. Nikaongeza, "Hai, hai." Yule mama alitabasamu, akageukia chai yake. Mpaka leo nikikumbuka ule mgeuko wa shingo nasikia joto masikioni.

Na sikuwa peke yangu. Kundi letu lilikutana Jumamosi Sinza, chumba cha nyuma cha duka la fotokopi la shangazi yangu, viti vya plastiki na ubao mmoja wenye kovu katikati. Walikuwepo wanaowinda udhamini wa MEXT, wizara ya elimu ya Japani, wanaowinda viza ya kazi ya tokutei ginō iliyoanza mwaka 2019 na inayotaka walau kiwango cha N4, mwongoza watalii mmoja, vijana wa anime, katuni za Kijapani, na fundi friji wa mtaani ambaye hatukujua alifuata nini. Kila wiki tuliulizana yaliyomo kitabuni: unapenda nini, jana ulifanya nini. Wiki ya pili majibu yakawa yameisha. Wote tulipenda muziki, na jana wote tulilala.

Miezi mitatu hapo katikati naipita, ilikuwa ya kuhesabu viti vitupu.

Jumamosi moja mvua imetubana ndani, nimechoka, nikaandika ubaoni: Mujintō ni hitotsu dake motte iku nara, nani o motte ikimasu ka. Ukienda kisiwa kisicho na watu na unaruhusiwa kitu kimoja tu, utabeba nini? Sikulibuni mimi, Wajapani huulizana swali hilo tangu zamani, mashuleni hadi kwenye vikao vya kunywa. Nilichoongeza ni kisiwa chenyewe. Nikasema ni Mbudya, jioni, boti ya mwisho imeondoka na simu imedumbukia majini.

Yule fundi friji alikuwa na miezi minne hajawahi kuvuka neno "hai". Akasimama, na wala hatuna desturi ya kusimama, akasema: "Jiko o motte ikimasu."

Hakujua jiko kwa Kijapani linaitwaje, akachomeka la nyumbani. Wale wawili wenye N3 wakaangua kicheko hadi kiti kimoja kikapasuka mguu. Kwa Kijapani, jiko ni ajali. Fundi wa watu katangaza kwamba anabeba ajali kwenda nayo Mbudya. Nikamweleza. Akafikiri kidogo, akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama anayesoma mita: "Na kwetu jiko ni mke vilevile. Kwa hiyo sijakosea."

Nyumba ilibomoka. Mtu akafungua kamusi, akaibuka na neno shichirin, jiko la mkaa la Kijapani, la udongo, wanachomea samaki na nyama kama sisi tu. Fundi akalipokea neno lake kwa mikono miwili. Kabla hajaketi, dada wa MEXT, ambaye siku zote hunong'ona, akapaza sauti: "Sumi wa?" Na mkaa je? Kitu ni kimoja tu! Mkaa ni kitu cha pili! "Sumi wa dame!" wakadakia wengine, hairuhusiwi. Na hapo fundi, huku akihesabu kwa vidole, akatoa sentensi ambayo nilipanga kuifundisha baada ya miezi miwili: Shichirin ga atte mo, sumi ga nakereba tsukaemasen. Hata jiko ukiwa nalo, bila mkaa halitumiki. Aliikosea mara mbili katikati. Hakuna aliyemrekebisha, kila mtu alitaka kujua mwisho wake.

Shangazi alikuja kutufukuza saa moja usiku.

Nimelitafuna tukio lile mara nyingi kuliko ninavyotafuna kanji, na hili ndilo nililoliona. Watu hawakuwa wavivu, wala hawakuwa na haya. Hawakuwa na la kusema. Ukimuuliza mtu habari za maisha yake kwa lugha ngeni unamvua nguo mara mbili: lugha yake mbovu na maisha yake ya kawaida, yote hadharani. Ukimpeleka kisiwani, anayeongea si yeye tena. Ni mtu fulani mwenye jiko. Huyo anaweza kukosea atakavyo.

Sarufi nayo inatubeba sisi Waswahili, na hili vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza haviwezi kukuambia. Ile -tara yao ni -ki- yetu. Tukisema "nikifika nyumbani nitakupigia", hatutofautishi kama nitafika au lini nitafika. Nao vilevile: Uchi ni tsuitara, denwa shimasu. (Ndiyo, uchi ni nyumbani. Zoeeni.) Mjapani akitaka ujue kwamba anawaza tu, hutanguliza moshi. Mimi nimezaliwa Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, kwa hiyo siku ya kwanza nilidhani wananiita. Wala si ile moshi moshi ya kwenye simu, ile inatokana na kitenzi mōsu, kusema kwa unyenyekevu. Kitu ambacho hawana ni -nge-. "Ningekuwa na pesa ningenunua" wanaisema Okane ga attara kau no ni, na uchungu wote umekaa kwenye hako ka "no ni" ka mwishoni.

Sasa usikimbilie kuuliza chochote kile. Swali langu la pili lilikuwa bahati nasibu: Takarakuji ga atattara, dō shimasu ka? Ukishinda utafanyaje? Nikawapa na picha halisi, kwamba ile bahati nasibu kubwa ya mwisho wa mwaka Japani, zawadi ya kwanza pamoja na za namba za jirani hufika yeni bilioni 1. Nilitegemea moto. Majibu kumi na moja, yote: Ie o kaimasu. Nitanunua nyumba. Wa kumi na mbili akanunua kiwanja. Kila mtu alijibu kama mkwe wake anasikiliza.

Swali lililo wazi pande zote halina pa kushika. Liwekee uzio. Wiki iliyofuata nikalirudisha lilelile: pesa zote ziishe kabla ya saa kumi na mbili jioni, na ni marufuku kununua nyumba, kiwanja au gari. Mwongoza watalii alikodi daladala zote za Mwenge zisibebe abiria, zitembee tu. Nikuambie tena: uzio.

Kuna yaliyonilipukia. Umarekawattara nani ni naritai desu ka, ukizaliwa upya ungependa kuwa nini, Wajapani hulijibu kama wanaagiza chai. Kwetu ustadh mmoja kijana aliweka kalamu chini, akasema kwa adabu kwamba yeye hazaliwi upya. Wakristo wawili wakamuunga mkono. Nusu saa tulijadili, kwa Kiswahili, hasara tupu. Na aliyebaki akijibu alitaka azaliwe dubu. Wanaojua dubu anaitwaje kwa Kijapani, neno ambalo kwetu ni tusi, wanaelewa kwa nini kikao kilivunjika, na shangazi yuko dirishani.

Lingine silichekei. Kule Ōtsuchi, mkoa wa Iwate, kuna kibanda cheupe cha simu kwenye bustani inayotazama bahari, na simu yake haijaunganishwa popote. Mwenye bustani, Itaru Sasaki, alikiweka mwaka 2010 baada ya kufiwa na binamu yake. Baada ya tsunami ya tarehe 11 Machi 2011 watu wakaanza kwenda pale kuzungumza na waliochukuliwa na maji. Wanaiita kaze no denwa, simu ya upepo. Niliona ni jambo zuri, nikaligeuza swali: ungepata simu hiyo, ungempigia nani? Binti mmoja wa chuo akaweka kiganja sikioni, akasema, "Moshi moshi, okāsan?" Akanyamaza. Akatoka, mkoba ukabaki kwenye kiti.

Mama yake alikuwa amefariki miezi mitatu nyuma. Sikujua, kwa sababu sikuwa nimeuliza. Nilimpigia kumwomba radhi, akasema "usijali dada", kwa ile sauti ya usijali ambayo unajua mwenyewe ameshaumia. Jumamosi haji tena. Tangu hapo wafu siwagusi, na kabla ya swali lolote huwa nawapitisha kichwani watu wangu mmoja mmoja: huyu litamkuta wapi?

Mwenzangu niliyeanzisha naye kundi aliyatumia hayo kuniambia kwamba haya ni maswali ya chekechea, kwamba watu walikuja kutafuta N3 na si kisiwa. Akaondoka na watu kumi na saba. Sikugombana. Lakini kwa kuwa mmeniuliza uzoefu wangu: nasikia kwake bado wanaweka kanji za asubuhi. Na fundi friji yuko kwangu, Desemba iliyopita kafanya N4 na kapita, na sitataja alama zake kwa kuwa zimezidi zangu.

Nyie viongozi wa makundi, nisikilizeni vizuri. Acheni kulalamika watu hawajitumi. Ujiulize wewe mara ya mwisho ulijibu lini swali lako mwenyewe, kwa sauti, kwa makosa. Jibu la kwanza liwe lako na liwe bovu. Mimi kila nikifungua swali naanza na upuuzi wangu, juzi nilisema nikiwa mtu asiyeonekana, tōmei ningen, nitakwenda benki kukaa kwenye kiyoyozi. Usirekebishe mtu akiwa katikati ya uongo wake, andika kosa pembeni, lilete wiki ijayo bila jina. Swali moja kwa wiki linatosha, mawili ni kazi ya nyumbani. Na uzio, jamani.

Mdogo wangu wa Mwanza, wewe kisiwa unacho hapo hapo mbele ya mji. Waambie ni Saanane, giza limeingia, boti imeondoka, kitu ni kimoja tu. Anza wewe. Ila jiko limeshabebwa.