UPT hasi, tumbo limejaa damu: kwa mnaoanza zamu wadi ya wanawake

Wadogo zangu mnaoanza intaniship, kabla ya zamu yenu ya kwanza ya usiku nawaomba mlishike hili: UPT, kile kipimo cha mimba cha mkojo, ikisoma hasi, haijasema kwamba tumboni hakuna damu.

Mwanamke wa umri wa kuzaa akiletwa na maumivu ya ghafla ya tumbo, amepauka, jasho linamtoka, sote tunashuku mimba iliyotunga nje ya kizazi. Ni sawa kabisa. Shida huanza kipimo kikisoma hasi: nimeona zamu ikilegea papo hapo, mgonjwa akaandikiwa dawa za vidonda vya tumbo na kuambiwa asubiri asubuhi.

Muulize kama amewahi kuambiwa ana uvimbe kwenye kizazi. Uvimbe huo, yaani faibroidi, wengi wetu tunaujua kwa hedhi nzito, lakini ile kubwa iliyoota upande wa nje wa kizazi huwa na vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) zilizotanuka juu yake, kuta zake nyembamba. Akinyanyua mzigo, akijikamua chooni, akiwa hedhini au mjamzito, vena moja inaweza kupasuka na damu ikamwagikia tumboni. Ni nadra mno. Mwanapatholojia Rokitansky aliieleza mwaka 1861 baada ya kupasua maiti, na hadi leo wengi hugundulika tumbo likishafunguliwa.

Kwa hiyo msihangaike kutafuta jina la ugonjwa huku mgonjwa anazama. Hemoglobini ya kwanza hudanganya, maana anayevuja kwa kasi hupoteza maji na chembe kwa pamoja. Inaweza kusoma 11, karibu na kawaida, naye yuko kwenye shoki. Tazameni mapigo. Idadi yake kwa dakika ikiizidi namba ya juu ya presha, mwiteni bingwa mara moja, wekeni kanula mbili kubwa, ombeni damu. Ultrasaundi itafute damu kati ya ini na figo, kisha nyuma ya kizazi. Kama mashine haipo, sindano ya tumbo ikivuta damu isiyoganda inatosha kumpeleka thieta.

Akiwa bado anajitambua, ongeeni naye kuhusu uzazi. Mara nyingi kushona mshipa au kutoa uvimbe peke yake hutosha, ila wakati mwingine kizazi hutolewa, na ni haki yake kulisikia hilo kabla ya kusaini.

Uvimbe uliotolewa upelekwe patholojia, hata ukionekana wa kawaida. Sarkoma ya kizazi, ambayo ni aina ya saratani, nayo huweza kuvuja hivyohivyo, na kwa macho tu huwezi kuitofautisha kwa uhakika.